Maswali ya Wasomaji: Kusaka Majabali Yaliyosahauliwa Karibu na Mji

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi na wenzangu watatu tumejifunza kukwea kwenye kuta bandia za ndani, na sasa tungependa kukwea mwamba wenyewe. Miamba inayojulikana iko mbali na mji, na ile michache ya karibu hujaa watu kila mwisho wa juma. Tunaamini kwamba ndani ya mwendo wa saa moja hapakosi majabali ambayo hakuna anayeyajali. Tuanzie wapi kuyatafuta, na tutajuaje kama yanafaa? Tukiyapata, je, tuyatangaze?

Mkweaji asiye na mwamba

JIBU

Imani yenu ina msingi. Msitu wa Fontainebleau uko kilometa 60 hivi kutoka Paris na umekwewa kwa zaidi ya miaka 100, lakini hadi leo njia mpya bado hufunguliwa humo. Hata hivyo, jiwe lililo karibu na mji mkubwa likiwa halikwewi, mara nyingi ipo sababu, na kazi yenu ngumu si kuliona jiwe bali ni kuijua sababu hiyo. Ikiwa ni vichaka tu, au uvivu wa watu wa kutembea nusu saa, basi mmebahatika. Lakini huenda ikawa ni mwamba mbovu, mwenye ardhi asiyetaka wageni, au nyuki waliojenga ufani.

Msako uanzie mezani. Ramani ya jiolojia, ambayo wengi huiruka, itawaonyesha aina ya mwamba na hivyo kuwapunguzia eneo la kutafuta. Itale (graniti) huacha majabali ya mviringo yenye uso wa kukwaruza, yanayofaa sana kukwewa bila kamba. Mawe ya chokaa magumu hutoa kuta ndefu zenye matundu ya kushika. Mawe ya mchanga hupendeza yakiwa yameshikamana, na humeguka mkononi yakiwa laini. Palipoandikwa mwamba wa matope unaobanduka katika matabaka membamba, pafuteni bila kusita.

Kisha chukueni ramani ya kontua, yaani yenye mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja. Mistari ikisongamana hadi kukaribia kugusana, hapo pana genge, yaani ukuta wa mwamba. Lakini ramani hii ina udhaifu unaowahusu ninyi moja kwa moja: ikiwa nafasi kati ya mstari na mstari inawakilisha mita 20, jabali la mita 4 au 5, ambalo ndilo kimo kizuri cha kukwea bila kamba, haliwezi kuonekana hata kidogo. Hayo yatafuteni kwenye picha za setilaiti, hasa zilizopigwa jua likiwa chini, kwa kuwa kivuli kirefu hulisaliti jiwe ambalo kwa juu linafanana na ardhi inayolizunguka. Linganisheni picha za misimu mbalimbali, maana majani yakipukutika huonekana mengi. Palipo na vipimo vya leza vilivyochukuliwa kwa ndege, tumieni hivyo, kwa sababu miale yake hupenya kwenye nafasi kati ya matawi na kuonyesha umbo la ardhi chini ya msitu.

Msiyadharau machimbo ya mawe yaliyoachwa. Haya ndiyo yaliyo karibu zaidi na miji, kwa kuwa miji ilijengwa kwa mawe hayohayo, na wakweaji wengi huyapita kwa sababu hayavutii machoni. Jambo la kuchunguza ni jinsi mawe yalivyochimbwa: baruti nzito huacha nyufa zinazoingia ndani sana ya ukuta, ilhali mwamba uliokatwa kwa kabari unaweza kuwa imara. Waulizeni pia wachungaji na wakata kuni. Wao wanajua jiwe lilipo na pia nyoka walipo.

Mkifika, tazameni chini kabla ya kutazama juu. Vipande vya mawe vyenye uso mpya, usio na kuvu wala ukungu, vikitapakaa chini ya ukuta, maana yake ni kwamba ukuta bado unaanguka. Gongeni vishikio kwa ngumi. Kinachotoa sauti ya uwazi kimeachana na mwamba. Zungukeni nyuma mjue njia ya kushukia, halafu kagueni mahali pa kuangukia, kwa sababu jabali zuri lililosimama juu ya mawe yenye ncha haliokolewi na godoro moja la kuangukia. Usafi ufanywe kwa brashi laini, kamwe si ya waya. Mawe ya mchanga hupoteza nguvu yakilowa, na sehemu ya ndani huchelewa kukauka kuliko uso, kwa hiyo subirini siku moja hadi tatu baada ya mvua. Kutoboa mwamba na kutia bolti za kushikia kamba ni kazi ya fundi mwenye uzoefu na kibali, msiianze wenyewe.

Kuhusu ruhusa sina maneno laini: mwenye ardhi ajulikane kabla ya mtu yeyote kukwea. Kozi, ndege mwindaji, hutaga kwenye magenge na kwenye machimbo ya zamani, na katika maeneo mengi kukwea karibu na kiota chake hukatazwa msimu wa kuzaliana. Penye michoro ya kale msiguse kabisa. Huko kwenye hifadhi ya Hueco Tanks, Texas, Marekani, idadi ya wageni imewekewa kikomo ili kuilinda michoro ya aina hiyo, ingawa majabali yake ni mashuhuri duniani kote.

Swali lenu la mwisho lina jibu fupi. Msitangaze hadi mwenye ardhi akubali wageni, na hadi mhesabu ni magari mangapi yanaweza kuegeshwa bila kuziba njia ya jirani. Idadi hiyo muiandike pamoja na maelekezo ya kufika.