"Mchezaji wa kulipwa" au "mchezaji anayelipwa"?

SWALI: Kamwene Mwalimu. Hapa Mafinga tuko vijana kadhaa tunaofuatilia gofu kwenye simu. Niliwaandikia wenzangu kwamba Brooks Koepka, Mmarekani aliyetoka ligi ya gofu ya LIV na kurudi PGA Tour, ile ligi kuu ya Marekani, ni "mchezaji anayelipwa". Mmoja akanisahihisha: sema "mchezaji wa kulipwa". Mimi naona ni kitu kilekile. Nani yuko sahihi? Na yule asiyelipwa, kwa nini aitwe wa "ridhaa"?

JIBU: Kamwene. Mwenzako yuko sahihi, na nimefurahi kwamba swali limekuja kwa njia ya gofu, maana mchezo huu unaionyesha tofauti hiyo waziwazi.

Ingia ghala la mkulima wa Uyole kabla ya mvua. Utakuta viazi vya kupanda vimetandazwa, vinachipua. Hakuna anayevipanda siku hiyo, na huenda vingine vikaoza humohumo, lakini jina lao ni hilo: viazi vya kupanda. Vinavyopandwa ni vile vilivyo mkononi mwa mtu aliyeinama shambani. "-a" (yaani "wa", "vya" na wenzake) ikifuatwa na kitenzi cha "ku-" hutaja aina ya kitu, yaani kipo kwa ajili gani. "-na-" hutaja tendo lenyewe, linatendeka au hujirudia.

Sasa twende uwanjani. Mashindano ya kawaida ya PGA Tour huchukua siku nne, mashimo 72. Baada ya siku mbili kuna mchujo, na asiyeuvuka kwa kawaida hurudi nyumbani bila senti ya zawadi, ilhali nauli na hoteli amegharamia mwenyewe. Wiki hiyo hakulipwa. Je, amekuwa wa ridhaa? Hata kidogo. Ni mchezaji wa kulipwa ambaye hakulipwa, na sentensi hiyo haina kosa lolote. LIV, tangu ianze mwaka 2022 kwa fedha za Saudi Arabia, ilifuta mchujo. Hata anayeshika mkia hupata fungu lake. Huko maneno yako mawili hukutana. Koepka amerudi mahali yanapoachana.

Kinyume chake ni Nick Dunlap. Januari 2024, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 20, alishinda mashindano ya The American Express huko California. Zawadi ya kwanza ilizidi dola milioni 1.5, akaikosa yote kwa kuwa alikuwa bado wa ridhaa. Fedha zilikwenda kwa aliyemfuata, Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini. Siku chache baadaye Dunlap akajiunga na wachezaji wa kulipwa.

Kuhusu "ridhaa": ni ukoo mmoja na "radhi", "ridhia" na "ridhika", wenye asili ya Kiarabu. Mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kuwa moyo wake umeridhia. Watu wa ndondi wamesema "ngumi za ridhaa" na "ngumi za kulipwa" kwa miaka mingi, na hakuna aliyeuliza kama ngumi zenyewe zinapokea mshahara. Mimi nalipenda neno hili kuliko "asiyelipwa", ambalo siku hizi hata si kweli: tangu Januari 2022 kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kuwa na wadhamini, na katika mashindano fulani kupokea zawadi ya fedha isiyozidi dola 1,000. Analipwa kidogo, naye bado ni wa ridhaa.

Kuna pia "alipwaye", isiyo na alama ya wakati. Hiyo inakaribia "wa kulipwa", ila ina ladha ya kishairi na magazetini huikuti mara nyingi.

"Anayelipwa" lako usilitupe, ndugu yangu. Siku mkibishana nani anapata fedha nyingi zaidi msimu huu, andika "mchezaji anayelipwa zaidi", na mwenzako hatakuwa na la kukusahihisha.