Ubuntu au Windows kwa kuandika programu?

Ndugu yangu, umesema laptopu yako ina ramu ya GB 8 na Windows 10, unajifunza lugha ya Python na Django (zana ya kujengea tovuti kwa Python), na unauliza kama uhamie Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Mimi nasema hamia. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kijenzi cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina.

Lakini sababu kubwa zaidi ni seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Tovuti utakayoijenga kuna uwezekano mkubwa itakaa kwenye Linux. Ukiipa faili jina Nembo.png halafu kwenye kodi ukaandika nembo.png, Windows itakuonyesha picha bila shida yoyote. Ukishapandisha kazi kwenye seva, picha haionekani, na unaweza kukesha ukitafuta kosa. Kwenye Ubuntu utaliona hapo hapo. Docker nayo, zana ya kuendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa, kwenye Linux hutumia kerneli (kiini cha mfumo) ya mashine yenyewe. Kwenye Windows inahitaji mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, na GB 8 zako zitabanwa haraka.

Usifute kitu kwanza. Weka Ubuntu 24.04 kwenye flashi, iwashe kutoka humo, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa. Kama kazi inakulazimu kutumia Photoshop, baki Windows na utumie WSL 2, inayoendesha Linux ndani ya Windows, ila miradi yako iweke ndani ya folda za Linux, si kwenye diski C, maana huko inakuwa nzito mno. Mac subiri mpaka utake kutengeneza programu za iPhone, kwa sababu Xcode, zana ya Apple ya kuzitengenezea, haifanyi kazi kwingine.