Mchoro wa mkwinini: chapa ya kale au nakala?

Dada yangu wa Kadutu, umeuliza kama mchoro wa mkwinini, mti wa dawa ya malaria, ulioachiwa na marehemu baba yako, aliyefanya kazi katika mashamba ya kwinini huku Kivu, ni wa karne ya 19, na kama uutundike sebuleni.

Usitegemee mwaka ulioandikwa chini, kwa sababu nakala hunakili hata mwaka. Isogeze karatasi dirishani, uchukue lenzi ya kukuzia, uangalie jani moja la kijani. Ukiona vitone vilivyojipanga sawasawa kama maharagwe yaliyopandwa kwa kamba, hiyo ni kazi ya mashine za kisasa. Lakini ukikuta chembechembe zisizo na mpangilio, na rangi moja imelalia nyingine hadi kuvuka kidogo ukingo wa jani, huenda ni chapa ya jiwe, yaani picha iliyochorwa juu ya jiwe kisha ikachapwa karatasini, namna iliyotumika katika Köhler's Medizinal-Pflanzen, kitabu cha Ujerumani cha 1887. Tazama pia ua lililopasuliwa na mbegu zilizokuzwa pembeni: hayo hayakuwa mapambo, bali yalimsaidia mfamasia kutambua mti wenyewe, uliotoka milima ya Andes. (Magome, yenye dawa, mara nyingi hayaonekani kabisa!)

Kuhusu sebule, mimi nisingethubutu. Jua hufifisha rangi, na unyevu wa masika huleta ukungu. Tundika fotokopi ya rangi. Karatasi yenyewe uilaze ndani ya bahasha safi, bila skochi wala plastiki ya kubandika kwa moto.