Maswali ya Wasomaji: Udongo ulikauka tukiwa kwenye maombi

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mama, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Dar, kazi yangu ni uhasibu. Mwezi wa nane nilienda na vijana wenzangu wa kanisani, tulikuwa 22, kule Same upande wa tambarare kumjengea bibi mmoja nyumba ya vyumba viwili, anaishi na wajukuu wanne na nyumba yake ya udongo ilianguka kipindi cha mvua. Msingi tulikuta umeshamwagwa, sisi tulienda siku tisa kupandisha ukuta.

Sasa siku ya tatu asubuhi saidia fundi, kijana wa palepale kijijini, alichanganya udongo wa kujengea, ule wa saruji na mchanga, mapema akijua saa mbili kazi inaanza, na siku hiyo maombi yakanoga, kiongozi akasema tusimzimishe Roho, tukaja kutoka saa nne kasoro. Mimi ndio nilitangulia site nikakuta udongo umeanza kushika. Nikaona uchungu kuutupa maana ile saruji tuliichangia kwa shida, nikamwagia maji ndoo moja nikakoroga na chepe nikaanza kupeleka na karai, wenzangu wakapanga tofali kozi nne, yaani mistari minne. Jioni fundi akapitisha mwiko kwenye maungio, udongo ukawa unapukutika kama mchanga mkavu. Akauliza huu udongo katengeneza nani, kimya, watu wakamwangalia yule kijana. Fundi akabomoa kozi zote nne akamwambia kijana leo hulipwi na kesho usije. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na karai mkononi na sikusema kitu mama. Usiku kwenye ibada nikaongoza pambio.

Nyumba imeisha, mafundi walipiga bati baada ya sisi kuondoka, picha ziko kwenye grupu la WhatsApp na kila mtu anaandika timu moja moyo mmoja, mimi nikiziona tumbo linaniuma. Nikisema leo si nitaharibu ushuhuda wa kundi zima? Na hivi kweli Mungu alikuwepo kwenye ile kazi?
Mwenye karai, Dar

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale kwenye pambio nasimama.

Mtafute yule kijana kwanza. Kabla ya kiongozi, kabla ya grupu, kabla ya kwenda mbele ya kanisa kulia. Namba yake utaipata kwa fundi, na fundi anapatikana. Mpigie, usimtumie meseji, mwambie yale maji nilimwaga mimi na wewe hukukosea chochote. Halafu wewe ni mhasibu, piga hesabu: alifukuzwa siku ya tatu na nyinyi mlikaa siku tisa, ina maana kakosa ujira wa siku saba, hapo bado sijahesabu kazi ambazo fundi hakumwita baada ya hapo. Saidia fundi anaishi kwa jina lake, fundi akiamini kijana fulani anaharibu udongo basi simu haipigwi tena. Kwa hiyo pesa peke yake haitoshi, inabidi fundi asikie kutoka kinywani kwako ili yule kijana arudishiwe jina. Zakayo aliposimama pale kwake alisema kama nimemnyang'anya mtu kitu namrudishia mara nne, Luka 19:8, na alisema watu wakisikia, sio chumbani na Yesu wawili tu.

Halafu lile grupu. Unaogopa kuharibu ushuhuda, nakuelewa, lakini ushuhuda gani huo mwanangu ambao ndani yake kuna kijana amekula hasara ya kosa la mtu mwingine na watu 22 wanapiga makofi? Mwambie kiongozi wako kwanza ana kwa ana, halafu uwaambie wenzako mkikutana, usiandike kwenye simu maana mambo kama haya kwenye simu yanakuwa mabaya zaidi. Na usishangae kiongozi naye akikwambia kuna kitu kinamsumbua kuhusu ile asubuhi.

Manake lazima tuseme ukweli, lile kosa halikuwa lako peke yako. Udongo wa saruji ukishatiwa maji una muda wake, na kwenye jua la Same mwezi wa nane muda wenyewe unapungua, kama saa moja hivi ukiwa umekaa bure ushaanza kushika, na ukishaanza kushika hata umwagie pipa zima hautarudi kuwa udongo, unalainika kwa macho tu ila nguvu imeshaondoka. Kijana aliujua huo muda ndio maana akachanganya kwa saa mliyompa. Mkabadilisha ratiba mkiwa ndani mmefumba macho na hakuna hata mmoja aliyetoka kwenda kumwambia kaka subiri kidogo. Na yeye mbona hakuwa ndani kwenye maombi na nyinyi? Mlimkaribisha? Unasema mlikuwa 22. Fundi yumo kwenye hiyo 22? Saidia fundi yumo? Bibi yumo? Nina uhakika yule bibi alibeba maji kila siku, na nyinyi mlipopanda basi kurudi Dar ni yeye na wajukuu waliobaki kuumwagilia ukuta asubuhi na jioni ili usipasuke, na kumwagilia ukuta ni kujenga, fundi yeyote atakwambia.

Soma Nehemia sura ya 3, ile ambayo wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu. Pale ndio utaona timu. Kila aliyeshika jiwe ametajwa na sehemu aliyojenga imetajwa. Kuna Uzieli wa mafundi dhahabu na Hanania mtengeneza manukato, watu ambao mikono yao haijazoea mawe kabisa, wameandikwa mstari wa 8. Kuna Shalumu na binti zake mstari wa 12, mabinti wanajenga ukuta wa Yerusalemu! Na wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinama wafanye kazi nao wameandikwa, mstari wa 5, hawakufichwa eti kulinda ushuhuda wa ukuta. Ukuta uliisha kwa siku 52 na aibu ya wakubwa wa Tekoa tunaisoma mpaka leo, na kazi bado inaitwa kazi ya Mungu.

Na kuhusu maombi yenyewe, sitaki utoke hapa unafikiri nasema mliomba sana. Nehemia aliomba kuliko wote, lakini angalia sura ya 4 mstari wa 9, waliomba na wakaweka walinzi, mambo yote mawili kwenye sentensi moja. Na sura ya 2 mstari wa 4 anaomba akiwa amesimama mbele ya mfalme anayesubiri jibu, sasa hayo maombi yalikuwa ya sekunde ngapi? Kuna maombi ya kukesha na kuna maombi ya kushika chepe, na mkiwa site na udongo umeshachanganywa ni haya ya pili.

Mimi nimekulia Upareni, wakati wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kijiji kizima kinatoka, sisi watoto tunasomba mchanga na kina mama wanabeba maji. Tulikuwa tunajenga nyumba ya mwalimu, baba yangu akakata mbao za kenchi za paa fupi, zote, na mbao zimetoka mbali. Akasema palepale kwa sauti, jamani mimi nimekata vibaya. Watu wakaguna, mmoja akasema basi hizi tutafanyia papi za kupigilia bati, wawili wakaenda kutafuta nyingine, kazi ikaendelea. Nilikuwa na miaka tisa na sijawahi kusahau sauti ya baba siku ile, haikutetemeka. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba aliweza kusema vile kwa sababu alijua wale watu hawatamwacha.

Kwa hiyo ukiniuliza Mungu alikuwepo, mimi nakwambia alikuwepo kwenye ule mwiko wa fundi. Amosi 7 Bwana anaonekana amesimama kando ya ukuta na timazi mkononi, ile kamba ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Fundi hakukubali bibi wa watu alale na wajukuu wanne ndani ya ukuta unaopukutika, akabomoa, ingawa alijua kundi zima la kanisa litanuna. Alikosea kwa kijana, kwa ukuta hakukosea. Bibi analala salama leo kwa sababu ya zile kozi nne zilizobomolewa. Piga simu leo mwanangu, halafu uniandikie kijana amesemaje.

SWALI: Mama habari. Mimi ni fundi mwashi, Mkristo, naishi Morogoro. Makanisa yananiita sana kwenye hizi kazi za kujengea wajane, nafundisha vijana kutwa nzima, wanaharibu narekebisha, mwisho wa wiki naambiwa Mungu atakulipa. Nina watoto watatu shuleni. Nikidai naonekana sina imani. Nifanyeje?

JIBU: Dai kaka yangu. Yakobo 5:4 inasema ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa unapiga kelele na kilio kimefika masikioni mwa Bwana, na Yesu mwenyewe alisema mtenda kazi anastahili ujira wake, Luka 10:7. Vijana wamejitolea kwa sababu mshahara wao unaingia mwisho wa mwezi wakiwa likizo, wewe hiyo wiki ndio mshahara wenyewe. Kama unataka kutoa sadaka ya siku moja au mbili itoe wewe kwa moyo wako, useme mwenyewe hizi mbili ni zangu kwa bibi, asije mtu akakutolea. Na yale ya kufundisha vijana ni kazi ya pili juu ya ile ya kujenga, iweke kwenye bei.

SWALI: Shikamoo mama. Kwenye kamati yetu ya ujenzi huku Kigoma tumegawanyika. Wengine wanasema familia tunayoijengea ichangie nguvu na ilipe kidogo kidogo, wengine wanasema neema ni bure, tukidai tunakuwa kama benki. Wewe unaonaje?

JIBU: Marahaba. Hili swali limeshajadiliwa na waumini wengine na jirani yenu Kongo yumo kwenye hiyo stori. Kulikuwa na shamba la Wakristo Georgia, Marekani, linaitwa Koinonia, lilianzishwa 1942, weupe na weusi wakiishi na kula pamoja kipindi ambacho jambo hilo liliwaletea hata risasi. Mmoja wa waanzilishi wake, Clarence Jordan, na Millard Fuller, mwanasheria tajiri aliyegawa mali zake, walianza kujengea majirani maskini nyumba bila faida na bila riba, familia inajenga pamoja nao halafu inalipa polepole na hela ile inajenga nyumba ya mwingine. Jordan alifariki Oktoba 1969 nyumba ya kwanza haijakamilika. Mwaka 1973 Fuller na mkewe Linda wakaenda Mbandaka, Zaire ya wakati ule, wakajaribu mpango huohuo kwa miaka mitatu, na waliporudi 1976 wakaanzisha Habitat for Humanity.

Mimi niko upande wa kuchangia, ila kwa masharti. Riba hapana kabisa, Kutoka 22:25 iko wazi kwa maskini. Na kiasi kipangwe na familia yenyewe ikiwa imekaa mezani na kamati, sio kiletwe kwenye karatasi. Mwenye nyumba aliyepanga tofali zake mwenyewe na anayelipa hela ya kujenga nyumba ya jirani, huyo ni mwanakamati mwenzenu, anaweza hata kuwaambia mmekosea mlango. Lakini bibi wa miaka 80 mwenye wajukuu wanne na hana kipato, huyo msimdai shilingi, akiwachemshia chai na kuwaonyesha maji yanapita wapi mvua ikinyesha imetosha. Na mambo haya yaandikwe kabla hamjachimba msingi, nani analipa nini, mchanga ananunua nani, na mafundi watalipwa siku gani.