Maswali na Majibu: Kimberlaiti na Almasi Zake

Kila habari ya mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, inataja "kimberlaiti". Ni jina jingine la almasi ghafi? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Kimberlaiti ni mwamba, almasi ni madini yanayoweza kuwamo ndani yake. Ni mwamba wa volkeno unaotokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ya kina kirefu mno, kilomita 150 na zaidi chini ya miguu yetu, yenye gesi nyingi, hasa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Gesi hiyo huisukuma magma juu kwa kasi kubwa. Ikikaribia uso wa ardhi hulipuka, na kuacha shimo refu lililojaa mwamba uliopondekapondeka, pana juu na jembamba chini. Shimo hilo wataalamu huliita bomba.

Hapa ndipo waandishi wetu wa habari wanapoteleza. Kimberlaiti haitengenezi almasi. Ni basi lililowapakia abiria njiani: almasi zilikuwa huko chini tayari, zimekaa muda mrefu kabla ya safari. Mabomba ya Kimberley kule Afrika Kusini, mji ulioupa mwamba huu jina miaka ya 1880, yalilipuka miaka milioni 90 hivi iliyopita, lakini baadhi ya almasi zake zina umri unaozidi miaka bilioni 3. Na kasi ile ndiyo iliyoziokoa. Magma ingepanda taratibu, zingeyeyuka au kugeuka grafati, ile ya kwenye penseli.

Wazee hapa Maganzo husema almasi iko kwenye udongo wa njano, wengine wa bluu. Nani mkweli?

Wote. Kimberlaiti mbichi ina rangi ya kijivu inayokaribia bluu. Ikipigwa na mvua na hewa kwa muda mrefu hulainika na kuwa ya njano. Wachimbaji wa Kimberley katika miaka ya 1870 walichimba ile ya njano, wakakuta ya bluu chini yake, ngumu, na baadhi yao wakadhani mali imekwisha wakauza vitalu vyao. Waliovinunua walifaidi, maana bluu nayo ilikuwa na almasi. Baadaye kampuni zilikuwa zikiitandaza bluu hiyo uwanjani kwa miezi ili jua na mvua viivunje, kabla ya kuiosha.

Nimepata mawe ya kimberlaiti shambani kwangu. Nimeshatajirika? (Msomaji, Shinyanga)

Bado, ndugu yangu, tena usianze kukopa. Mabomba mengi ya kimberlaiti duniani hayana almasi za kutosha kulipia mafuta ya greda. Hata Mwadui, mgodi unaojulikana dunia nzima, tani 100 za mwamba hutoa karati 6 hivi, na karati moja ni gramu 0.2. Piga hesabu: tani mia kwa gramu moja na kidogo.

Pia hakikisha kwamba ni kimberlaiti kweli. Watafiti huosha mchanga wa vijito wakitafuta viashiria, yaani madini yanayosafiri pamoja na kimberlaiti: ganeti aina ya piropu, nyekundu ya zambarau, ilmenaiti nyeusi inayong'aa, na dayopsaidi ya kijani yenye kromiamu. Wakizipata hufuata kijito kuelekea juu mpaka zinapokoma. Ganeti peke yake haitoshi, kwani bonde la Umba kule Tanga limejaa ganeti za miamba geu, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, ambazo hazihusiani na almasi hata kidogo. Na kisheria, kumiliki shamba si kumiliki madini yaliyo chini yake. Bila leseni ya Tume ya Madini, jembe lako liishie kwenye mahindi.

Kwa nini bomba la Mwadui ni kubwa hivyo?

Lina hekta 146 hivi juu ya ardhi, miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kuchimbwa kibiashara. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliligundua mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta. Ukubwa huo unatokana zaidi na mmomonyoko mdogo. Kule Kimberley sehemu ya juu ya mabomba, iliyo pana, imekwisha kusombwa, kinachoonekana ni shingo tu. Mwadui bado ina kreta yake, yaani mdomo mpana wa volkeno, pamoja na mashapo (tope na mchanga uliotuama) ya ziwa lililowahi kuijaza. Ndiko ilikotoka mwaka 1947 almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa.

Je, almasi zote hutoka kwenye kimberlaiti?

La. Mgodi wa Argyle kule Australia, uliofungwa mwaka 2020, ulikuwa kwenye lamproaiti, mwamba wa jamii nyingine. Namibia huzichota baharini, na wachimbaji wadogo wengi wa Kasai, Kongo, huzitafuta kwenye kokoto za mito, zilikosombwa na maji baada ya miamba yake kuliwa na mmomonyoko.

Kimberlaiti inaweza kulipuka tena?

Nyingi ni za kale sana. Lakini vilima vya Igwisi, mkoani Tabora, ni volkeno ndogo za jamii ya kimberlaiti zilizolipuka takriban miaka 12,000 iliyopita, nazo ndizo changa kuliko zote zinazojulikana duniani. Hazina dalili ya kuamka. Wajiolojia huzifuata kwa sababu moja: zaha yake (lava) bado iko juu ya ardhi, jambo ambalo karibu kila mahali pengine limekwisha kufutika.