Mstari wa Pili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na picha ya ile karatasi nimeikuza kwenye simu mpaka nikauona mwandiko wako. Unasema daktari wa huko Göteborg amekupa mistari mitano ya kujaza kila siku: saa uliyotoka kitandani, saa uliyokutana na mtu wa kwanza, saa uliyoanza kazi, saa uliyokula chakula cha usiku, saa uliyokwenda kulala. Mstari wa pili umeuacha mtupu siku nne katika saba. Kisha ukaniuliza: "Baba, kukutana na mtu kunahusiana nini na usingizi wangu? Na mbona nyumbani sikuwa hivi?"

Hizo siku nne zimeniuma.

Swali la kwanza nililipeleka kwa binti wa shangazi yako, yule muuguzi, maana mimi ni mtu wa bandarini, si wa hospitali. Akanieleza kwamba karatasi za namna hiyo zinatokana na kazi ya mwanasaikolojia mmoja wa Pittsburgh, Marekani, anaitwa Ellen Frank. Mwaka 1988 yeye na wenzake waliandika kuwa saa ya mwili haiongozwi na jua tu; inaongozwa pia na watu, yaani nani anakungoja kazini, unakula na nani na saa ngapi. Mtu akifiwa, akiachishwa kazi au akihama, vile vilivyokuwa vikimwamsha na kumlaza vinaondoka kwa mpigo, na moyo nao unayumba. Mwaka 2005 walitoa matokeo ya wagonjwa 175 wa ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Waliofundishwa kushika saa zao tangu walipokuwa hoi walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuugua tena. Nao walikuwa wanatumia dawa, mwanangu, kwa hiyo zako usiziache. Huko kwenu Desemba jua linachomoza karibu na saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi. Jua likikosekana hivyo, wa kukushikia saa ni watu.

Hapa nyumbani mstari wa pili ulikuwa ukijijaza wenyewe. Hujanawa uso vizuri, umeshatumwa boflo. Mwenye duka anakuuliza umeamkaje, bibi wa jirani anangoja shikamoo yake, na ukimpita kimya anakuita mpaka urudi. Ulikuwa ukinung'unika sana kwa hilo.

Lakini usidhani kwetu watu hawaumwi. Hili sijapata kukwambia. Mwaka 2011 nilipostaafu, wewe ukiwa chuoni Dar, niliharibikiwa. Miaka thelathini nilikuwa naamshwa na zamu, na ghafla hakuna wa kuniuliza kwa nini nimechelewa. Usiku macho, mchana nimelala. Mama yako akinitengea chakula nakigusa tu. Watu wakasema ana mawazo, wakaishia hapo.

Aliyenitoa ni jirani yetu, yule mzee wa cherehani. Siku moja baada ya alasiri nikasikia hodi. Nikafungua. Akasema, "Tuko watatu," basi. Karata wanazocheza wao zinataka wanne. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Kesho yake saa ileile, hodi, "Tuko watatu." Siku ya tatu nikaona haya, nikavaa kofia nikatoka. Jiwe la baraza lilikuwa bado lina joto la mchana, muuza kahawa akaja akigonganisha vikombe vyake, nikanywa kahawa chungu na kipande cha kashata. Wiki nzima sikusema neno ila la karata, wala hakuna aliyeniuliza nina nini. Baadaye nikagundua nalala kabla ya saa tano, kwa kuwa kesho alasiri nilikuwa na mahali pa kuwa.

Mama yako naye ana Ijumaa zake za mchezo, ule wa kutoa fedha na kupokezana. Japani, katika visiwa vya Okinawa, kuna vikundi wanaviita moai. Wengi wao hukutana kila mwezi, wanatoa fedha, na wanachama wanazichukua kwa zamu. Nilipomsimulia mama yako alifurahi kweli, akasema hao wenzetu kabisa. Mimi naona fedha ndiyo inayomtoa mtu nyumbani hata siku asiyojisikia, maana asipofika kuna mwenzake atakayekosa.

Zimbabwe nako, huko Mbare mjini Harare, mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi kumi na wanne. Aliwafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ndiyo mawazo yetu haya haya. Utafiti wa watu 573 ulichapishwa mwaka 2016, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kinachonigusa ni kwamba mazungumzo ya benchini yakiisha mtu haachwi hivi hivi: anakaribishwa kwenye kikundi kinachokutana na kufuma mikoba.

Sasa wewe. Uliniandikia kwamba siku tatu unazokwenda ofisini wenzako wanasimamisha kazi saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa alasiri, wanakunywa kahawa na mkate wa mdalasini, wanaita fika, nawe unabaki kwenye kompyuta ili umalize mapema. Acha hiyo kazi ukakae nao. Usijilazimishe kuongea wala kuchekesha mtu. Kaa kiti kilekile, saa ileile, mpaka siku usipofika mtu aulize uko wapi.

Zinabaki zile siku nne, mbili unazofanyia kazi nyumbani, na Jumamosi na Jumapili. Mwulize daktari kama sauti ya simu inahesabiwa. Akikubali au akikataa, nitapiga. Huku saa tatu asubuhi, huko kwako saa moja. Nikianza Jumamosi hii tutakuwa ukumbini mimi, mama yako na mdogo wako, chai iko mezani. Inua tu simu. Tuko watatu.

Baba yako