Noah imefika laki mbili, injini ndo basi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Ujiji hapa Kigoma, nina Noah ya injini ya 3S nabebea abiria kwenda Kasulu, sasa imefika kilomita 214,000 na fundi wangu anasema ikishapita laki mbili ni ya kutupa, niagize nyingine ya mtumba Dar. Moshi haitoi, oili haipungui, ila kwenye milima imekuwa nzito. Ni kweli? (Dereva, Ujiji)

JIBU: Nzuri kaka, na hapana, usiitoe hiyo injini. 3S inayomwagwa oili kwa wakati inafika laki tatu bila kufunguliwa, na zile Land Cruiser za dizeli za 1HZ kupita laki tano ni kitu cha kawaida kabisa. Marekani kulikuwa na mzee Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, ilipofika 2013 imetembea maili milioni 3, yaani kama kilomita milioni 4.8, injini ilishafanyiwa ovahoo ikaendelea na kazi, na siri yake ilikuwa kufuata sevisi tu. Halafu hiyo ya mtumba unayoambiwa uagize, nani anajua imetembea ngapi? Unaweza ukatoa nzima ukaweka iliyochoka.

Kinachoua injini huku kwetu ni joto na uchafu, na hapa naomba unisikilize vizuri, angalia kama themostati yako, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, bado ipo. Mafundi wengi wanaitoa gari ikichemsha mara moja, wanasema huku joto haina kazi, kumbe ile inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi ili injini ipate moto wake haraka na ikae hapo hapo, ukiitoa injini inatembea baridi, petroli inaoshea oili kwenye kuta za silinda na ringi za pistoni zinalika. Inaniuma sana hii maana kifaa chenyewe ni bei ndogo. Na kwenye rejeta weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, sio maji ya ziwani, yanaleta kutu na kuziba njia.

Oili mwaga kila kilomita 5,000, na kwa vumbi la njia za vijijini ea klina, yaani chujio la hewa, uikague kila wiki.

Sasa huo uzito mlimani. Anza na plagi, ea klina na filta ya petroli, mara nyingi inaishia hapo. Isipoisha pima kopresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne, zinatakiwa zikaribiane. Ikitokea moja iko chini sana mwagia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda ringi zimechoka, isipopanda shida ipo juu, valvu au gasketi ya hedi, na hapo bado ni kufungua na kutengeneza hiyo hiyo.

Pima kaka, halafu niandikie namba za silinda zote nne kabla hujatuma hela Dar.